Amplifaya la Gitaa kwa Litungu la Baba Mkubwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikiamshwa usingizini nitakusimulia bila kukosea. Ni siku ambayo baba mkubwa Chacha alitundika litungu lake ukutani akasema hatalishusha tena. Alilisema hilo taratibu, kama mtu anayeaga kwenda shambani, na upole wake ndio ulioniuma.

Ninyi wajukuu mmezaliwa na simu mikononi, kwa hiyo nikueleze kwanza. Litungu ni ala yetu Wakurya, lina nyuzi nane na ngozi iliyowambwa kwenye mti mzito, na sauti yake ni nene, inatoka chini kabisa. Baba mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mdogo wake, Marwa, baba yangu mzazi, kufariki. Alikuwa mpigaji aliyeitwa na koo zote. Zamani hizo kila boma lilikuwa na kilima chake, ngoma ikichezwa uani, na litungu moja lilitosha. Kisha tukahamishiwa vijiji vya ujamaa. Tukapangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, huku karibu na Nyangoto, na uwanja wa kijiji ukawa mpana kama malisho. Vijana wetu wanacheza wakiwa juu ya ibirandi, vile viatu vya gogo nene unavyoviona kwenye sherehe. Mia wakikanyaga pamoja, litungu linamezwa.

Juu ya hayo, mzee alikuwa ametoka kuugua na mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea. Mwenyekiti wa kijiji akaja kumwambia, kwa heshima zote, kwamba sikukuu ya mavuno ya shamba la kijiji itapigiwa na bendi ya magitaa kutoka Tarime mjini. Mzee apumzike, atatengewa kiti cha mbele. Kiti cha mbele, mwanangu! Mtu aliyekuwa akiinua watu vitini, leo anatengewa kiti.

Baada ya hapo aliacha kuimba hata akiwa na ng'ombe. Uji alikuwa anaubakiza. Niliogopa sana, maana nilishampoteza baba mmoja. Nikasema moyoni, litungu hilo litashuka ukutani, litapigwa siku ya mavuno, na litasikika mpaka mwisho wa uwanja. Sikumwambia mtu, kwa sababu kijiji chetu kilikuwa hodari wa kucheka jambo kabla halijaanza.

Na mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Nilikuwa nafua na kupiga pasi misheni, na bruda mmoja pale aliyekuwa akitengeneza redio alinifundisha kulehemu nyaya. Nililipenda jambo hilo kupita kiasi. Watu walisema, mwanamke gani huyu, moshi wa risasi ya kulehemu unamkolea kuliko moshi wa jikoni. Walisema wakachoka, mimi nikaendelea. Basi stoo ya misheni kulikuwa na amplifaya la gitaa, sanduku la kukuza sauti, la siku nyingi, limeachwa na bendi iliyovunjika. Lilikuwa la valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani taratibu kama makaa. Bruda aliniambia nilichukue nilichezee nipendavyo. Akanionya jambo moja tu: dude hili hata ukilizima linabaki na umeme tumboni, usitie mkono kabla hujaumwaga. Nilimtii. Ndiyo maana niko hapa leo nakuchosha.

Kila jioni jenereta la misheni lilipowashwa nilikuwa nimelipindua mezani. Nilibadilisha nyaya zilizooza, nikasafisha vitufe vya kuongezea sauti, nikaongeza nguvu ya valvu ya kwanza mpaka ukigusa maiki kwa kucha, mbwa wa misheni wanabweka. Nilijiona fundi. Nilijisifu peke yangu, na hakuna sifa tamu kama hizo. Kisha nikamwendea baba mkubwa, niliyemwita tata, yaani baba kwa Kikurya, nikapiga goti.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umekonda, Bhoke. Misheni hawakupi chakula?"

"Wananipa. Nataka ushushe litungu, uje nalo misheni kesho."

Kesho yake alikuja nalo. Nadhani alikuja kwa sababu ya kunionea huruma tu. Tuliweka maiki ndogo karibu na ngozi ya litungu, wakaja vijana wachache na ibirandi zao, nikawasha. Mwanangu, sauti ilitoka kubwa, kali, inakwaruza. Zile nyuzi nyembamba zilipiga kelele kama mabati yanayoburutwa, na nyuzi nene hazikusikika kabisa. Vijana walianza kucheza, wakapotezana, mmoja akamkanyaga mwenzake, wakasimama. Wakaanza kucheka. Baba mkubwa aliweka litungu chini.

"Huyu anayelia humo ndani ni nani?" akaniuliza. "Mimi simjui."

Nikaanza kumweleza habari za valvu na nguvu. Akainua mkono ule mbovu kunikatiza.

"Umelihangaikia sanduku hili tangu mwezi ulipoandama. Je, kuna siku ulikuja kukaa karibu yangu ukasema, tata, piga nisikilize?"

Nilizima amplifaya nikashika njia ya nyumbani. Nililia njia nzima, na sikulia kwa aibu tu, nililia kwa hasira. Nilijiambia, mimi najitesa kwa ajili yake, naye ananisema mbele ya vijana wanaonicheka. Nilifika nyumbani nikiwa nimeazimia kulirudisha amplifaya stoo. Lakini nilipolala niliona kwamba mzee amesema kweli tupu. Nilikuwa napenda kutengeneza, na mapenzi yale yalikuwa yamenizibua macho kwa sanduku na kunizibia masikio kwa mtu. Na sikuwa tayari kumwona akikaa kwenye kile kiti chao.

Kulipokucha nilikwenda kwake kabla ya kwenda kazini. Nikakaa chini, nikasema, tata, piga nisikilize. Alipiga kwa ule mkono mlegevu, polepole. Mara ya kwanza sikusikia jipya. Nikavua viatu. Hapo ndipo nilipoupata ule uzi mnene kuliko yote, sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwenye nyayo. Nikamuuliza kama wachezaji wanaufuata huo. Akasema, "Sasa wewe unadhani wanafuata nini? Maneno yangu hawayasikii, wanakanyaga magogo."

Nikaelewa kosa langu. Lile amplifaya lilitengenezwa kwa ajili ya gitaa, na ndani yake kuna kapasita, vijidude vidogo vinavyochuja sauti. Zile zilizokuwamo zilikuwa ndogo, zikipitisha sauti nyembamba na kuizuia ile nene mlangoni. Mimi nikazidisha nguvu ya kile kilichopita, nikakiacha nje kile kilichotakiwa. Nilizing'oa, nikaweka kubwa zaidi nilizozitoa kwenye redio mbovu. Nikaipunguza nguvu ya ile valvu ya kwanza niliyojivunia. Halafu, kana kwamba shetani alikuwa ananiangalia, valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika, ikafa.

Nyingine haikupatikana. Mpaka wa Kenya pale Sirari ulikuwa umefungwa, na Tarime mjini hata sabuni madukani ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse valvu. Kulikuwa na moja tu niliyoijua iliko: ndani ya redio yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nikisikilizia taarifa ya habari na nyimbo za jioni, na ndiyo ilikuwa starehe yangu ya pekee. Niliifungua redio ile. Valvu yake haikufanana na iliyokufa, miguu yake imepangwa kwa namna nyingine, ikabidi niivunje nyumba ya valvu, pale inapochomekwa, na kuunganisha upya waya mmoja mmoja. Niliungua vidole viwili. Bruda aliniambia haitafanya kazi. Nikamwambia itafanya, na nikarudia kulehemu mpaka ikafanya.

Siku ya mavuno, mwenyekiti akiwa amekubali mzee afungue kwa wimbo mmoja kabla ya bendi, trekta la kijiji lilituletea jenereta na amplifaya uwanjani. Mwenyekiti alitaka liwekwe juu ya meza, karibu na kiti cha mgeni rasmi, lionekane. Nikalishusha nikaliweka juu ya udongo, ili ule uzi mnene upite ardhini mpaka miguuni. Akaniuliza mimi ni nani nipangue uwanja. Nikamwambia baada ya wimbo mmoja, asipoona kitu, anifukuze mbele ya watu wote. Wale wa bendi walikuwa pembeni na magitaa yao wakitabasamu, nami nikaifunga maiki kwenye litungu.

Baba mkubwa hakutumia nguvu. Aligusa tu ule uzi mnene, na wachezaji wa mwisho kabisa wa uwanja, wale ambao hata uso wake hawakuuona, wakainua miguu. Wakakanyaga pamoja. Alipunguza mkono zaidi, akapiga kwa upole ambao kabla ya hapo ulikuwa wa ndani ya nyumba tu, na bado walimfuata. Mwenyekiti alikwenda kukaa yeye mwenyewe kwenye kile kiti cha mbele alichomtengea mzee.

Sasa sikiliza. Kwetu mpigaji wa litungu huita majina. Huwaita wanaume waliofanya jambo, kila mmoja na jina la baba yake, na ukiitwa uwanjani umeheshimiwa wewe na waliokuzaa. Baba yangu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo tangu tumzike jina lake halikuwa limeitwa tena. Baba mkubwa aliita wanne, watano, kisha akaimba, "Yuko wapi Bhoke wa Marwa? Bhoke wa Marwa, mtoto wa Marwa, simama watu wakuone." Nilisimama pale na bisibisi mkononi. Mama yangu alikuwa upande wa wanawake. Alikaa chini akafunika uso kwa khanga.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami naisema wazi ili usije ukasema bibi alizungukazunguka. Ukiwa na kipaji cha mikono, usimpelekee mtu kazi yako kabla hujakaa naye ukajua anachokihitaji. Vua viatu ukilazimika. Akikukemea, lia kama unataka kulia, kisha rudi kwake asubuhi. Na ukishajua cha kufanya, kishike. Wakikucheka, shika. Aliyekufundisha akisema haiwezekani, mheshimu, na ujaribu tena. Kama ni lazima utoe unachokipenda ili kazi ya mwenzako isimame, toa, na usimdai. Mimi nilikaa miaka mingi bila redio, na sijawahi kuilia.

Nenda sasa. Mungu akupe mikono yenye subira na masikio yasiyojua kiburi. Akupe watu wa kukuambia ukweli nawe ukiwa bado unaweza kuurekebisha. Na jina la baba yako liitwe kwa sababu yako.