Mvua ya Siku Tatu

Mtaani walimwita Bi Mvua, na kila aliyefua nguo alimuuliza aanike au asianike. Naye alijibu jibu lile lile kwa uchovu ule ule: "Mimi najua mvua ya jana. Ya leo muulizeni aliyeiumba."

Na kweli, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alivuka uwanja wa shule mpaka kwenye kizimba cha waya, akafunua kipima mvua, akamimina maji kwenye mrija wa kioo wenye mistari, kisha akainama mpaka jicho lilingane na maji, akasoma milimita. Ukisoma umesimama, umeongopa, na magoti yake yalikuwa yamechoka kusema ukweli. Miaka ishirini na saba, Jumapili zimo na sikukuu zimo. Watu wanadhani kazi ngumu ni kubeba zege. Hebu wajaribu kuinama kila siku kuandika sifuri kiangazi kizima.

Bintiye wa mwisho alifundisha jiografia shuleni hapo hapo, na kipima mvua cha mama kilikuwa ndilo somo lake la kwanza kila mwaka. "Maji hayapotei," aliwaambia wanafunzi. "Jua linayapandisha, yanakuwa mawingu, yanashuka tena. Yakishuka, ardhi inakunywa sehemu yake na mengine yanatiririka. Lakini mkikata miti kilimani na kuikanyaga ardhi mpaka iwe ngumu, hainywi tena. Yote yanakimbilia bondeni kwa mpigo." Kisha huinua daftari la mama yake. "Na haya ndiyo maji ya hapa petu, siku kwa siku. Halina pengo hata moja." Mama akipita dirishani husikia, akajivuna kidogo, akaenda kutafuta kiti.

Mwaka huo, ikiwa imebaki miezi minne astaafu, akaja injinia wa barabara. Barabara mpya ingekatiza bonde lililo chini ya shule, na chini yake lazima pawe na kalavati la kupitisha maji. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kunyesha kwa siku moja. Kalavati likiwa dogo kuliko mvua hiyo, maji yatarudi nyuma, na nyuma yake ni nyumba za watu.

Bintiye mwalimu akamletea madaftari yote saba ya mama kwenye chumba cha walimu. Injinia akayafunua asubuhi nzima. Bi Mvua alipoingia kurudisha mrija kabatini, alimkuta ameshaweka kalamu chini.

"Shikamoo mama. Kazi yako safi sana. Kubwa kuliko zote ni sabini na nne, kwa hiyo kalavati moja linatosha. Mvua zenu zina adabu."

"Marahaba, mwanangu," alisema, akashika mgongo wa kiti.

Akajiambia, wewe mwanamke, unajitafutia nini? Funga kabati, nenda kalale. Lakini bonde alilijua. Zamani kilima kile kilikuwa msitu, leo ni mapaa matupu na udongo mgumu kama sakafu, na watoto wa shule hii nusu yao wanalala kule chini. Mtu anaweza kuchoka akachoka, lakini si mpaka pale.

"Mwalimu, fungua daftari la tatu," alimwambia binti yake. "Mwaka aliokufa baba yako. Usome."

Mwalimu akasoma: "Hamsini na nane. Hamsini na tatu. Hamsini na saba."

"Hizo nimezitunga mimi."

Akaeleza. Alikuwa na mumewe hospitalini, ng'ambo tu ya bonde, aliondoka bila kuaga kazini, na hakuna aliyemshikia zamu. Aliporudi asubuhi ya siku ya tatu alikuta chombo kimejaa milimita mia moja sitini na nane. Utaratibu unasema andika jumla yote mstari mmoja, uweke alama kwamba yamekusanyika. Lakini msimamizi wa wakati ule alikuwa hapendi pengo: pengo moja, barua moja ya onyo. Akagawa kwa tatu, akapunguza hapa, akaongeza pale, zisifanane mno.

Injinia akashika kalamu. "Mama, usinielewe vibaya. Labda zilinyesha siku zote tatu, hukukosea sana. Nikitaka kuandika kwamba zote zilikuwa za siku moja, lazima nijue umejuaje."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, wala si kwenye barua za onyo. Msibani, miaka ishirini iliyopita, aliwakalisha wanawe watatu akawaambia baba yao aliwaaga kwa majina, kila mmoja na neno lake. Mkubwa aambiwe awatunze wenzake. Wa katikati apunguze hasira. Na huyu wa mwisho, wa miaka sita, asome. Naye akasoma. Akasoma kwa koroboi, akasoma na njaa, na siku alipopata cheti cha ualimu alikipeleka kaburini kabla hajakipeleka nyumbani. Sasa amesimama hapo na daftari mkononi, anamtazama mama yake.

Bi Mvua aliogopa. Alitamani mtu mwingine yeyote angekuwa ndani ya wodi ile, aulizwe yeye.

"Ilianza baada ya chakula cha mchana, ikakatika magharibi," alisema. "Paa la wodi lilikuwa bati tupu. Mume wangu alikuwa anasema kitu. Niliweka sikio mdomoni kwake, sikusikia. Mvua ilipokatika alikuwa ameshakwenda. Siku mbili zilizofuata halikudondoka tone, tulizika juani."

Injinia aliandika polepole, akapiga mstari chini yake. "Basi yatakuwa makalavati mawili, tena mapana," alisema. Akakusanya karatasi zake akatoka, maana mtu mzima huona pasipomhusu.

Mwalimu alikuwa bado amesimama.

"Hukusikia hata neno, mama?"

"Hata moja, mwanangu."

"Kwa hiyo ile 'asome'?"

"Ilikuwa yangu."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa. Kengele ya kipindi ikalia, na darasa lake likamsubiri mpaka watoto wakaanza kupiga kelele.