Buick Lisilo na Nguzo ya Kati

Abdulwakil alikuwa akiwaogopa polisi kuliko mtoto anavyoogopa sindano. Viza yake ya miezi mitatu ilikwisha zamani, na tangu hapo kila kofia ya polisi iliyokatiza mtaa wa Dengfeng, huko kwa Wachina, ilimfanya akate kona. Akikamatwa atarudishwa Unguja mikono mitupu, na huko mkewe Nahla na watoto wanaishi kwa marobota ya nguo anayowapelekea. Basi alitembea akiambaa kuta, na hata msikitini alikaa karibu na mlango.

Sasa mtu mwoga namna hiyo utamkuta wapi kila Jumapili? Yuko kwa Liang, Mchina mwenye gereji nyuma ya maduka ya Guangyuan Xilu, anafuta vumbi gari la watu! Jamani, mapenzi haya! Lilikuwa Buick la mwaka hamsini na saba, stesheni wagoni, paa mpaka nyuma, refu, la kijani na nyeupe, ambalo mjomba wake Liang alirudi nalo kutoka Amerika. Abdulwakil alikuwa fundi bodi Mwembeladu, kwao Unguja, kabla ya kuingia biashara, na gari kama lile alilijua kwa picha tu. Lina milango minne, na katikati ya milango hakuna nguzo. Ukishusha vioo, ubavu mzima unabaki wazi, na paa limekaa tu huko juu, kama halishikwi na kitu.

"Shemeji, gari hilo litakuponza," Kazija, mama wa mgahawa, alimwambia akimmiminia chai.

"Nalitazama tu, Bi Kazija."

"Tazama picha!"

Hakusikia. Jumapili hiyo alikuwa amekaa ndani, vioo vyote chini, akasikia buti. Kuinua macho, polisi mmoja anaingia na Liang. Lahaula! Atajificha wapi, ndani ya gari ambalo ni dirisha tupu kila upande?

Polisi akalizunguka gari. Akaingiza mkono dirisha la mbele, akaupitisha mpaka la nyuma bila kugusa chochote. Akashangaa.

"Nguzo iko wapi?"

Liang alimkonyeza Abdulwakil anyamaze. Laiti angenyamaza! Lakini tangu ujana wake hajapata mtu wa kumuuliza swali lile. Akaanza kueleza: nguvu imehamishiwa chini, sakafu na fremu zimeimarishwa, ndiyo maana magari haya yalikuwa mazito na ghali, hayakuundwa mengi. Kichina kikamtiririka. Akafungua milango, akafunga, akampigisha magoti polisi wa watu achungulie chini ya gari. Polisi akacheka, akampa sigara, na yeye akawasha yake. Hofu ikamtoka Abdulwakil mwili mzima, akajisikia mtu tena.

"Unasema Kichina vizuri," polisi akamsifu. "Una muda gani hapa?"

"Miaka mitatu!" akajibu kwa fahari.

Liang akafumba macho. Polisi mwenyewe alionekana kujuta kuuliza. Akaitupa sigara yake.

"Nionyeshe pasi yako."

Abdulwakil akaomba kwanza apandishe vioo, vumbi lisije likaingia. Polisi akamruhusu. Akavipandisha kimoja kimoja, taratibu, machozi yanamtoka.