Makopo ya Shangazi Yaliyofutwa Herufi

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Shangazi yangu amechanganya rangi kiwandani kwetu miaka kumi na tisa. Mimi nafunga maboksi chumba cha pili, ukuta wa kioo tu katikati, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe.

Kwenye jedwali lake la kompyuta, safu A ni ya majina ya rangi. Kuanzia B, kila safu ni kopo moja la unga wa rangi pale rafuni, na herufi aliziandika kwenye makopo kwa mkono wake. Fomula ikitaja C7, yaani safu C mstari wa saba, yeye ananyoosha mkono kwenye kopo C bila hata kugeuza shingo. Hajawahi kuharibu pipa hata moja.

Akaja meneja mpya, mjuaji huyo, akaamuru kila asubuhi faili lake la ripoti lifunguliwe kwanza kwenye kompyuta hiyo. Siku hiyohiyo herufi zikapotea. Juu ya safu zikakaa namba, na ndani ya fomula ile C7 ikageuka mabano na alama za kutoa. Shangazi akasema hajagusa kitu. Meneja akamjibu, mbele yetu sote, kwamba uzee umemwingia vidoleni. Akaagiza herufi za makopo zifutwe kwa thina, ile dawa ya kuondolea rangi, makopo yangoje namba, na akampa barua: Jumatatu ahamie kubandika lebo. Mama wa watu alilia chooni. Mimi nilitamani kummwagia yule bwana pipa zima viatuni.

Alhamisi umeme ulikatika, kompyuta ikazima. Uliporudi, shangazi, kwa ukaidi wake, alianza na faili lake mwenyewe. Herufi hizo hapo. Akafunga yote, akaanza na la meneja: namba. Alirudia mara tatu, halafu akamwita meneja aone kwa macho yake. Linalofunguliwa kwanza ndilo linaloyaburuza mengine, na lililopangwa kuonyesha namba badala ya herufi ni la meneja. Hesabu zenyewe hazikuwa zimebadilika hata chembe, ni maandishi tu.

Meneja akacheka, akaichukua ile barua ya uhamisho, akaichana.

"Kumbe kitu kidogo tu, mama. Basi ziandike tena hizo herufi."

Makopo ishirini na mawili yalikuwa yamejipanga bila alama, yananuka thina. Shangazi akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akamkabidhi.

"Umefuta wewe, mwanangu, utaandika wewe. Anza na B. Kopo A halipo, na ungeuliza ungejua."