Mbao za Mama

Kosa ni langu, nalisema mwenyewe kabla hamjanisema. Mimi ni mtu wa milimani, Mbinga, ambako mwezi wa saba tunaota moto hadi mchana. Nilipohamishiwa kufundisha huku ziwani, Mbamba Bay, nikajenga nyumba ya kwetu: kuta fupi, vidirisha vidogo, bati juu, dari hakuna. Fundi, Mnyasa mwenye maneno, aliniuliza, "Mwalimu, madirisha haya ni ya kupumulia au ya kuchungulia wageni?" Nikamwambia ajenge, maneno sikumwagiza.

Miaka mitatu nikaokwa kimyakimya, kwa kiburi tu. Kisha Mama, aliyekuwa amebaki peke yake kule mlimani, miguu ikamgomea, nikamleta akae nami. Siku ya nne, saa nane mchana, nikamkuta ameketi juu ya furushi lake, kanga imelowa jasho.

"Mwanangu, nimekuja kuishi, sikuja kuokwa. Nirudishe."

Nimrudishe kwa nani? Nililia, sifichi.

Nikamwita fundi yuleyule. Alicheka mpaka akashika ukuta. Madirisha akayapanua, lakini dari, alisema, gharama yake ni mbao. Bei aliyotaja ilinishinda. Mama akauliza zinatakiwa ndefu kiasi gani, akajibiwa.

"Basi ninazo."

Nilizijua. Mbao za mninga, miaka nenda rudi ziko juu ya kichanja cha jikoni kwake. Za jeneza lake. Kwetu mzee anayejiheshimu hawaachii watoto aibu ya kukimbizana na mbao siku ya msiba.

"Mama, hizo hapana!"

"Kwa nini? Nitalala chini yake kwanza. Ndani yake baadaye."

Zikateremka na lori la mahindi. Zilitosha chumba chake tu. Fundi akazipigilia, katikati akafunga mikeka ya matete, na lile joto likabaki huko juu na bati lake. Furushi likafunguliwa.

"Sasa tutakuzika na nini?" nikamtania.

"Shauri yenu," akasema, akageukia ukutani.

Chumba changu bado hakina dari, kwa hiyo mchana najipenyeza kitandani kwake. Yeye anakoroma, mimi natazama juu. Ubao mmoja una mstari wa penseli, pale seremala alipompimia urefu wake. Jamani, nampenda mama yangu. Naomba ubao ule ukae hukohuko juu.