Nusaiba, mtembeza wageni aliyefungiwa milango Wete

Saa tatu asubuhi mjini Wete, Nusaiba Hamdan amesimama mbele ya mlango wa Bi Mwanamize, nyuma yake mgeni mmoja tu, mwalimu Sanga, mwanamke kutoka Makete. Anapiga hodi. Anaweka sawa mtandio kana kwamba mlango una macho, kisha anapiga hodi ya pili.

Wiki saba mlango huu haujafunguliwa kwa ajili yake. Jana jioni ndiyo ameambiwa aje ajaribu.

Nusaiba, mwenye miaka 41, hutembeza wageni wa mfuko mwembamba. Hana gari wala ofisi. Kwa shilingi elfu kumi na tano, mgeni huzungushwa kwa miguu kutwa nzima, kuanzia maduka ya kale ya barabara kuu hadi bandarini, na chakula cha mchana humo humo. Bei inawezekana kwa sababu ya majirani: nyumba tano kongwe anazoingia bila kuulizwa, na mgeni wake akaingia naye.

"Bahari kila mtu anaiona mwenyewe," anasema. "Mie namtia mtu uwani, akaone watu wanavyokaa."

Uwa uliopendwa kuliko zote ni huu wa Bi Mwanamize, mjane wa miaka sabini na ushei, anayeoka mikate ya mofa kwenye tanuri la udongo. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Wiki saba zilizopita Nusaiba alimwacha kijana mmoja mgeni pale tanurini, akachungulia nyumba ya pili kusikiliza habari za harusi iliyovunjika. "Nlisema dakika mbili," anakiri. "Umbea haujui dakika mbili."

Aliporudi, kijana alikuwa ameshampiga picha Bi Mwanamize akiwa kichwa wazi, jasho linamtiririka, na ameshairusha mtandaoni. Kabla ya adhuhuri mpwa wa bibi akapiga simu kutoka Maskati kuuliza shangazi yake kafanywaje. Jioni nyumba zote tano zikawa zimefungwa.

Nusaiba akarudi kuuza maandazi, akipata elfu sita kwa siku. Alikwenda kuomba radhi na kilo mbili za sukari. Sukari ikarudi nyumbani kabla yake. Mara ya tatu bibi alimkubalia kukaa barazani, akamuuliza swali moja: yule kijana ni mtoto wa nani?

Nusaiba alikiri hajui.

"Basi hapo ndipo uliponikosea," Bi Mwanamize alimwambia. "Kosa la picha ni lake yeye. Wewe umenitilia ndani mtu usiyemjua kwao."

Tangu hapo masharti yamewekwa. Simu inabaki mlangoni. Na mgeni anayekuja kuuliza, naye ataulizwa.

Mlango unafunguka. Bi Mwanamize anaitikia shikamoo, anampima mwalimu juu hadi chini, anamkalisha kibaoni. Kabla mkate wa kwanza haujabandikwa ameshajua kwao ni wangapi, mama anapika nini, mshahara unamtosha au haumtoshi. Halafu anauliza mume yuko wapi.

Mwalimu anacheka, anasema hana. Alimwacha mchumba siku mbili kabla ya harusi, kadi zimeshagawiwa.

Mkono wa bibi unasimama hewani na unga wake. "Kadi zimeshagawiwa? Hebu kaa vizuri, mwanangu."

Mikate mitatu inaungua. Hakuna anayejali. Nusaiba, ambaye safari hii hajatoka hata hatua moja, amejiegemeza ukutani na kunyamaza, jambo ambalo wanaomjua hawataliamini.

Baadaye anasema anataka milango yote mitano imfungukie tena kabla ya Ramadhani, na kila mgeni atamhoji yeye mwenyewe kwanza, kwao na jina la baba, ndipo ampeleke kwa watu.

Mgumu kuliko wenye nyumba wote ni Mzee Qaidjohar, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, aliyeapa hataki tena kuona mgeni kwenye kizingiti chake. Lakini mchana, chakula hakijaondolewa, mkwe wa mzee huyo anaingia uwani na salamu kutoka kwake.

Mzee anaomba aletewe huyo mwalimu dukani, aanze mwanzo, maana yeye kisa kimemfikia nusu.