Njia Tano na Eneo Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kitengo cha ramani mjini Singida alinipa picha iliyopigwa kutoka angani, akauliza naona nini. Nikajibu shamba la alizeti. "Umeona rangi ya njano," akasema. "Alizeti hujaiona bado." Alishuku kila kitu, hata chai aliyoletewa, na ugonjwa huo akaniambukiza.

Nilisomea sayansi ya kompyuta, nikaajiriwa kuandika programu za kusoma picha hizo. Picha ni miraba midogo midogo ya rangi, tunaiita pikseli, na kompyuta haijui nyumba mpaka uifundishe. Niliionyesha mapaa ya bati yanavyong'aa juani, mamia kwa mamia, mpaka ikawa inayahesabu yenyewe. Nilipongezwa kwa ramani yangu ya kwanza, ya makazi ya mkoa mzima, nikavimba kichwa.

Baadaye nilihamishiwa Ikungi. Mkuu wa huko alikuwa mpole lakini mtu wa haraka. Alitaka ramani ya maeneo yasiyo na watu, apewe mfugaji mmoja mkubwa. Programu yangu ikatoa eneo moja, tupu kabisa. Ramani ikisainiwa, yeyote atakayekutwa pale angeitwa mvamizi.

Lakini picha ilinitia wasiwasi. Njia tano za miguu zilikutana katikati ya eneo hilo na kuishia hapo. Nani anatembea kila siku kwenda mahali pasipo na kitu?

"Mkuu, usisaini kwanza," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. "Wewe ni mtu wa huku. Una ndugu zako pale?"

"Sina ndugu. Nina mashaka."

"Nenda. Ila Ijumaa nasaini."

Nilikodi bodaboda, nikafuata njia mojawapo. Ilinifikisha kwenye tembe, zile nyumba zetu za paa bapa la udongo. Zilikuwa saba, rangi yake na ya ardhi ni moja, na juu ya mapaa umeanikwa mtama. Mama mmoja mzee alisimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Ofisi. Nimekuja kuangalia kama kuna nyumba."

"Kwani huzioni?"

Nikatoa kamera. Nilirudi na picha za tembe zote saba, na mkuu akalifuta eneo lile kwenye ramani. Hakuamini kamwe kwamba sina ndugu pale, na mpaka nahama alikuwa akiniangalia kwa jicho la pembeni.

Sasa nimestaafu. Vijana wananiletea ramani za droni, safi, zinapendeza, na mimi nawauliza tu nani ameenda kwa miguu. Wananiona mkorofi. Hawajui kwamba jioni ile niliporudi ofisini niliifungua ramani yangu ya kwanza, ile niliyopongezwa, nikatafuta kwetu Ilongero. Nilizaliwa ndani ya tembe. Mama alikuwa bado hai, anaishi humo humo, na mahali pake nilikuwa nimeandika pori.