Siku Tuliyosafiri Hadi Msimbazi

Kosa langu la kwanza lenye uzito lilikuwa kuosha injini. Nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka safari yetu ianze bila doa. Wiki iliyopita kosa hilo lilinirudia, rafiki yangu, nikiwa nimesimama Mtaa wa Narung'ombe, mahali ilipokuwa nyumba yetu. Sasa pana ghorofa la maduka ya simu, vioo vitupu. Kijana mmoja alikuwa anamwaga maji ya sabuni ya unga mbele ya duka, na harufu yake ikapanda kutoka kwenye lami ya moto. Nikasahau nilichofuata Kariakoo.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, yenye kibaraza cha saruji ambacho asubuhi kilikuwa baridi na mchana huwezi kukikalia. Ukiwa pale uliwasikia wasukuma mikokoteni wakipiga mluzi wapishwe, na kutoka ghorofani kwa jirani yetu, mama wa Kihindi, ilishuka harufu ya bizari ikikaangwa. Mwaka ule Baba alinunua kipanya, yale mabasi madogo, kilichokwisha kustaafu kubeba abiria. Aling'oa viti vya nyuma, akaweka magodoro mawili, jiko la mafuta ya taa, ndoo ya maji yenye mfuniko, na mapazia aliyoyashona Mama kwa kanga zake za zamani. Tulikuwa twende nacho Songea, tukipika na kulala humo humo njiani, kwa sababu Bibi hakuweza tena kukaa kwenye basi kubwa kutwa nzima.

Safari ilikuwa ya Bibi. Presha ya macho ilikuwa inamfungia dunia kidogo kidogo, na daktari alisema kilichokwenda hakirudi. Alitaka kumwona dada yake aliyekaa Songea kabla giza halijakamilika. "Sauti yake naisikia kwenye simu," alisema. "Ninayoitaka ni sura."

Jioni ya kuamkia safari, wakubwa walikwenda kuaga majirani. Mimi nikabaki na gari. Nikaliosha nje, nikaliosha ndani, kisha nikainua kiti cha mbele na kuiona injini ilivyojaa vumbi na grisi. Sikuweza kuiacha. Ndivyo nilivyo hata leo, doa moja linaninyima usingizi. Nikachota ndoo mbili za maji, nikamimina sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ya viatu, nikasuuza. Iling'aa. Nikarudisha kiti, nikajisifu kimoyomoyo.

Kuaga mtaani kwetu hakukuwa jambo la kupunga mkono tu. Bibi aliaga nyumba kumi na moja, moja moja, na kila nyumba ilimpa kitu cha njiani. Mzee wa Kiarabu mwenye duka la kona alitoa halua na tende. Mama wa Kihindi, chupa ya achari ya embe. Waliombeana dua, wengine wakafuta machozi. Alfajiri walisimama vibarazani kututazama tukiondoka.

Kipanya kikazima Mtaa wa Msimbazi. Hata robo saa hatujaenda. Kilikohoa mara tatu, kikanyamaza kando ya barabara mbele ya duka la mikeka.

Baba alimleta fundi kutoka mtaa wa Gerezani, mtu mwembamba aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto lile. Fundi akasikiliza, akasema ni kabureta, na vipande vyake vikaanza kupangwa juu ya gunia. Mimi nilikuwa nimeshajua kilichotokea. Nikakaa kwenye godoro nikinyoosha pindo la shuka, nikimaliza nalinyoosha tena.

Mama akashauri tukasubiri nyumbani. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu.

"Nirudi wapi?" Bibi akauliza. "Nimeshaaga."

"Mama, hata chooni tu," Baba akasema.

"Mtu akishaaga watu harudi kuwaomba choo."

Akaenda choo cha mgahawa, Mama akimshika mkono, na ikawa kweli tumesafiri. Mama akawasha jiko, akapika wali wa nazi pale pale, wapita njia wenye marobota vichwani wakituchungulia. Nakumbuka saa zile kama ndoto. Jua lilipita kwenye mapazia ya kanga, kila kitu ndani kikawa chekundu na cha manjano, mvuke wa nazi umetanda juu ya uso wa Bibi, na mji wote unapita nje kama uko nchi nyingine. Majirani zetu nao walipita, maana Msimbazi ni njia yao. Waligeuza nyuso upande wa pili kwa adabu, wasituvunjie safari. Mzee wa duka la kona peke yake ndiye aliyesimama, ng'ambo ya barabara.

"Bi mkubwa, mmefika wapi?"

"Tumefika Msimbazi," Bibi akajibu.

"Hali ya hewa ya huko?"

"Joto kidogo. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wanawasalimu. Wamewakumbuka."

Baadaye likaja birika la chai ya tangawizi, na aliyelileta aliagizwa aseme ni la wasafiri.

Saa tisa alasiri kabureta ilikuwa imefunguliwa na kurudishwa mara mbili, na gari bado bubu. Baba akakaa mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba tuahirishe, twende likizo ya Desemba. Bibi hakubisha. Aliinua mkono wake mbele ya uso, akausogeza karibu, akausogeza mbali, akautazama. Halafu akaushusha.

Pale nikashindwa. Nikamtambalia, nikamnong'oneza yote.

"Kwa hiyo, mume wangu, umenifulia injini," akasema.

Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha.

"Usinilie mimi. Mimi siwezi kuifungua. Kamwambie fundi."

Nikashuka. Nikamwamkia fundi, shikamoo yangu haikusikika, nikairudia, nikamwambia. Akavua ile kofia, mara ya kwanza kutwa nzima.

"Ndoo ngapi, dogo?"

"Mbili."

"Na sabuni?"

"Na sabuni."

Akamgeukia Baba. "Mzee, injini yako haiumwi. Imeoga."

Akafungua kikombe cha plastiki kinachogawa umeme kwenye plagi, akanionyesha matone na utando wa sabuni ndani yake. Akanipa kitambaa, akaniambia nikaushe mwenyewe, hata kwenye pembe nisizoziona. Tukaanika vipande juani juu ya gunia. Alipovirudisha, gari likawaka mara moja. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Tangu asubuhi ulikuwa unajua," na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Tulifika Songea siku ya tano. Tairi lilipasuka kabla ya Mikumi, rejeta ikachemka mlima wa Kitonga, na mlango wa pembeni ukagoma kufungika, tukaufunga kwa kanga hadi Njombe. Kila mara Baba aligeuka nyuma na kuuliza, "Na hili uliliosha?" Mwishowe hata mimi nilicheka. Dada yake Bibi alitoka jikoni akijifuta mikono. Bibi akamvuta penye mwanga, akamshika mashavu, akamtazama mpaka chai tuliyomiminiwa ikapoa.

"Umezeeka vibaya," akasema.

"Na wewe je?"

Macho ya Bibi yalizima kabla mwaka haujaisha, na sasa yeye mwenyewe hayupo. Kipanya kiliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kona ya mzee wa duka wanauza chaja. Nilipoondoka Narung'ombe wiki ile, hapakuwa na kibaraza hata kimoja cha kuaga.

Leo mimi ni fundi wa umeme wa magari; nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua na kukosea, na bado nakagua kila waya mara tatu. Ila siku hizi nikiharibu gari la mtu, namwambia asubuhi ile ile.